Kipigo cha Kufurahisha Majirani

Hapa Bombolulu karakana za walemavu zipo tangu 1969. Mtu wa magongo akipita, twampisha njia. Hakuna anayemzaba kofi ati atembee sawasawa. Lakini mtoto mwenye ADHD, asiyetulia kitini, anayepoteza daftari kila wiki, huyo twamwita mkaidi, ana shetani. Manake ulemavu wake hauonekani.

Tuseme ukweli: hasira nyingi za mzazi ni aibu iliyovaa nguo nyingine. Majirani wanachungulia, ustadhi wa chuoni ashalalamika, na methali iko tayari: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi mama anapiga ili aonekane analea.

Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inakataza adhabu ya viboko. Tena hali hii aghalabu hurithiwa. Baba anayefoka, "Tabia hizi umetoa wapi?" aanze na kioo.

Mama kuchoka ana haki, kulia pia. Ila wewe jirani, kabla hujasema "huyu hakufunzwa," mchukue huyo mtoto nusu saa, mamake apumue. Huwezi? Basi nyamaza.