Mkwe Asiye na Mlango

Kila Desemba inapofika, barabara itokayo Dar es Salaam hujaa magari yapandayo Kilimanjaro, na kuanzia Machame hadi Rombo ni nadra Jumamosi kupita pasi na harusi. Ndafu hukatwa, mbege hunywewa, wazee husimama kunena. Siku hizi si ajabu tena kumwona bwana harusi aliyetoka Taveta, Nairobi, Hamburg au Leeds, ameketi mahali pa wakwe akijaribu kuitikia salamu za Kichaga ambazo hazielewi. Wazee humpokea kwa moyo mkunjufu. Mahari huthibitishwa, baraka hutolewa, naye huambiwa mbele ya watu wote kwamba tangu siku hiyo yeye ni mtoto wa boma lile.

Shamrashamra zikiisha ndipo yeye na mkewe wanapogundua kwamba boma limempokea, lakini sheria ya nchi haimtambui kuwa mkwe.

Tunalileta jambo hili mbele ya wasomaji wetu, na hasa mbele ya viongozi wenye dhamana ya mambo ya uraia na uhamiaji, kwa sababu kwa muda mrefu malalamiko tunayoyasikia yamekuwa ya upande mmoja. Tunawalaumu wageni kwa jinsi wanavyowatendea vijana wetu walioolewa au waliooa kwao. Malalamiko hayo ni ya haki, na hatuna nia ya kuyapunguza uzito. Uingereza, kwa mfano, tangu tarehe 11 Aprili 2024 imemtaka mkazi wake anayetaka kumwita mwenzi wake awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, badala ya pauni 18,600 zilizowekwa mwaka 2012. Ada ya ombi lenyewe, kwa mtu aliye nje ya nchi ile, ilipandishwa kuwa pauni 1,938 mwezi Aprili 2025. Juu yake kuna ushuru wa matibabu wa pauni 1,035 kwa kila mwaka, ambao hulipwa kwa mkupuo, pauni 3,105, hata kabla mtu hajapanda ndege. Jumla yake ni zaidi ya shilingi milioni 15 za kwetu, bila kuhesabu mtihani wa Kiingereza, kipimo cha kifua kikuu na nauli za kutoka Moshi kwenda Dar es Salaam na kurudi. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozidisha kazi za maofisa wa huko, muda wa kungojea jibu uliongezwa kutoka wiki 12 hadi wiki 24. Binti wa Kibosho aliyefunga ndoa Januari angeweza basi kuyaona mavuno ya mahindi yakipita hali simu ya mumewe ndiyo nyumba yao pekee.

Hayo ni ya kwao. Sasa na tutazame ya kwetu.

Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kinampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia wa Jamhuri ya Muungano haki ya kuomba na kuandikishwa kuwa raia wa tajnisi, wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa raia hatajwi. Yeye huhesabiwa sawa na mgeni mwingine yeyote aliyeshuka katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Akitaka uraia, ni lazima awe ameishi nchini kwa miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi humu kwa jumla ya miaka isiyopungua 7. Mbali na hayo, yapo masharti ya lugha, ya tabia njema na ya mchango wake kwa taifa. Ndoa yake haimwongezei hata siku moja. Mwisho wa yote, Waziri anaweza kumkatalia pasipo kulazimika kutoa sababu.

Huo ni upande wa uraia. Upande wa kukaa tu nchini si mwepesi zaidi. Mume mgeni hukaa kwa kibali chenye tarehe ya kwisha, na ada zake hutozwa kwa dola za Kimarekani. Akitaka kufanya kazi ya mshahara, Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka awe pia na kibali cha kazi. Kibali cha ukaaji cha mtu aliyeajiriwa hufungamana na mwajiri wake. Tuchukue mfano wa mwalimu kutoka ng'ambo anayefundisha katika shule ya binafsi mjini Moshi, mwenye mke wa Marangu na watoto watatu ambao wote ni Watanzania. Shule ikifungwa, si kazi peke yake inayopotea, bali hata msingi wa kukaa kwake na mkewe hutetereka. Wanawe wana nchi, mkewe ana nchi, yeye peke yake ndiye mwenye mkataba.

Lipo jambo moja ambalo wakazi wa miteremko ya mlima huu wanalijua kuliko wengine. Mpaka unaoupita Holili na Tarakea ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, watu ambao wengi wao hawakuwahi kuuona mlima wenyewe. (Hadithi ya kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa ni tamu, lakini haina ukweli.) Mpaka huo ulipita kati ya shangazi na mpwa wake, kati ya soko na wanunuzi wake. Ndugu wa Rombo na ndugu wa Taveta na Loitokitok wameoana kabla ya mpaka na wataendelea kuoana baada yake. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, imerahisisha safari zao: raia wa nchi mwanachama huweza kuingia na kukaa hadi miezi sita. Lakini ndoa si ziara ya miezi sita. Mume wa Taveta aliyehamia Mkuu kwa mkewe hawezi kuendelea kuwa mtalii katika kihamba cha wakwe zake, akivuka mpaka ili kugongewa muhuri na kurudi.

Na hapo ndipo ulinganisho unapotuaibisha. Kenya nayo ilikuwa na sheria kama yetu, ambayo ilimfikiria mke mgeni na kumsahau mume mgeni. Katiba yao ya mwaka 2010, katika Ibara ya 15, ilisema kwamba mtu yeyote, mume au mke, aliyedumu katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua 7 anastahili kuandikishwa uraia akiomba. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 nayo ilisema kila mtu aliyeoana na raia, pasipo kubagua jinsia. Matokeo yake ni kwamba mwanamke wa Moshi aliyeolewa Taveta na mwanamume wa Moshi aliyeoa Taveta wanapewa haki moja na Kenya, ilhali mwanamke wa Taveta na mwanamume wa Taveta wakija kuoana huku tunawapima kwa mizani miwili.

Tungependa pia kuwakumbusha viongozi wetu kisa cha Uingereza yenyewe, kwa kuwa kina funzo lenye ncha mbili. Hadi miaka ya 1980, kanuni za nchi ile zilimwezesha mwanamume mkazi kumwita mkewe kwa urahisi kuliko mwanamke mkazi kumwita mumewe. Wanawake watatu, akina Abdulaziz, Cabales na Balkandali, walilipeleka shauri lao mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya huko Strasbourg. Tarehe 28 Mei 1985 mahakama iliamua kwamba huo ulikuwa ubaguzi wa kijinsia. Serikali ya Uingereza ikatii hukumu, lakini kwa njia ya werevu usio na ukarimu: badala ya kuwafungulia waume mlango, iliwabania wake nao. Usawa ukapatikana kwa kuwatesa wote. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu zipo sauti nchini zinazosema kwamba kama kuna upendeleo katika kifungu cha 11, basi dawa ni kuwaondolea wanawake wa kigeni haki waliyo nayo. Sisi tunaikataa dawa hiyo.

Mwaka 1985 huohuo, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake. Ibara ya 9 ya mkataba huo yahusu uraia, na inataka mwanamke awe na haki sawa na mwanamume katika jambo hilo. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Mtu anaweza kujibu kwamba anayebaguliwa hapa ni mume mgeni, wala si raia. Jibu hilo halitoshi. Kaka na dada waliozaliwa katika boma moja la Old Moshi, wakasoma shule moja na kulipa kodi sawa, wote wakioana na wageni, sheria itamtambua mke wa kaka na haitamtambua mume wa dada. Aliyebaguliwa ni dada, naye ni raia kama kaka yake.

Tunaielewa hofu ya maofisa. Ndoa za kununua zipo. Mtu anayetafuta biashara au ardhi anaweza kumtafuta mwanamke maskini, akaandika cheti na kisha akamwacha. Lakini hofu hiyo ina tiba yake, nayo ni kipindi cha kungojea chenye mwisho unaojulikana. Ndoa iliyodumu miaka mitano au saba, yenye watoto, shamba na majirani wanaoijua, si rahisi kuwa ya kughushi. Balozi wa nyumba kumi atakueleza ukweli wake kwa nusu saa. Tena hatujui ni kwa mantiki gani mwanamke wa kigeni anaaminiwa siku ya kwanza na mwanamume haaminiwi baada ya miaka ishirini. Ikiwa udanganyifu wa ndoa ni hatari, basi ni hatari kwa pande zote, na kipimo kiwe kimoja.

Wala hata hao wake wa kigeni tunaodhani wamependelewa hawako salama kama inavyosemwa. Maneno yale ya sheria, "mumewe akiwa hai", yana uchungu wake. Mwanamke aliyekuja Kilimanjaro akiwa binti, akazaa, akalima, akauguza wakwe, na asiombe uraia kwa kuwa hakuona sababu au kwa kuwa mumewe alisema "tutafanya mwakani", akifiwa hujikuta haki ile imezikwa pamoja na marehemu. Siku ya matanga anayo mengi ya kulilia, na hilo hajalijua bado. Wanaolitambua mapema ni baadhi ya ndugu wa marehemu, ambao macho yao tayari yako kwenye kihamba, wakijua kwamba sheria ya ardhi ya Tanzania Bara haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Haki hii ingepaswa kumfuata mjane.

Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba tunasema hili si jambo la mlimani peke yake. Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano; kifungu kinachomfunga binti wa Marangu ndicho kinachomfunga binti wa Wete aliyeolewa na mtu wa Mombasa, wa Ngazija au wa Maskati. Oman, ambako wengi wenu mna jamaa, ilikuwa ikiwataka raia wake wapate ruhusa ya serikali kabla ya kuoana na wageni, na mwaka 2023 ililiondoa sharti hilo la kibali. Wawakilishi wenu walioko Bungeni Dodoma wana sauti katika shauri hili sawa na wetu, na tungefurahi kusikia wanasemaje.

Rai yetu kwa Serikali ni kwamba kifungu cha 11 kirekebishwe ili neno "mwanamke" liwe "mwenzi wa ndoa", na pale panaposema mumewe akiwa hai pawekwe ulinzi kwa aliyefiwa. Wakati marekebisho hayo yakingojewa, yako mambo ambayo hayahitaji Bunge. Mwenzi wa raia na apewe kibali cha ukaaji kisichotegemea mwajiri, kwa ada inayolipika kwa shilingi na inayolingana na kipato cha mwalimu au muuguzi, si cha kampuni ya madini. Tangu Januari 2018 tumekuwa na mfumo wa uhamiaji mtandao, na kompyuta inayoweza kupokea ombi inaweza pia kumwambia mwombaji faili lake limefika meza ya nani na litakaa hapo siku ngapi. Na katika ofisi za uhamiaji za mikoa, kuanzia Moshi hadi Chake Chake, ubandikwe ukutani muda wa mwisho wa kujibu ombi la mwenzi wa raia, kwa maandishi yanayosomeka kutoka mlangoni, ili mke anayeingia na bahasha mkononi ajue tarehe ya kurudi kuulizia jibu.