Msiwahesabishe Watoto Shairi Wasilolisikia

Kuna kosa linalotendwa kila muhula katika madarasa ya shule zetu za msingi, nalo hutendwa kwa nia njema na kwa mwandiko mzuri. Mwalimu huandika ubaoni "Sifa za Shairi", na chini yake huorodhesha beti, mishororo, vina, mizani na kituo. Watoto hunakili, kengele hulia. Wiki inayofuata huulizwa mizani ni nini, nao hujibu kwa sauti moja kwamba mizani ni idadi ya silabi katika kila mshororo. Jibu ni sahihi na mwalimu huridhika. Lakini tangu somo lianze hadi liishe, hakuna shairi hata moja lililosikika humo darasani.

Nayasema haya nikiwa mwalimu wa Kiswahili wa Darasa la Tano katika shule moja ya serikali mkoani Tanga. Dai langu ni moja, na sitalizungusha: mtoto wa shule ya msingi asifundishwe istilahi yoyote ya ushairi kabla hajaghani, kabla hajapiga makofi ya mizani, na kabla hajatunga walau mshororo mmoja kwa kinywa chake mwenyewe. Anayeanza na istilahi anampa mtoto ganda, kisha anamlaumu kwa kutoipenda nazi.

Tuanze na hayo makofi, maana najua wako watakaoyaona ni mchezo. Nami sikatai kwamba ni mchezo. Huwaambia watoto wapige majina yao: Asha makofi mawili, Rajabu matatu, Mwanaidi manne. Hakuna anayekosea. Kisha nawapa "mbuzi", wanapiga mawili. Kisha nawapa "mbu", na hapo ndipo darasa linapopasuka. Nusu wanapiga kofi moja, kwa kuwa macho yao yameona neno fupi. Nusu wanapiga mawili, kwa kuwa masikio yao yamesikia "m" ikisimama peke yake kabla ya "bu". Wanabishana, wanatamka polepole, wanarudia, mpaka wale wa kofi moja wanakubali wenyewe kwamba mdudu yule mdogo ana mizani sawa na mbuzi.

Siku inayofuata nawapa "mbuni". Yupo mbuni ndege, ambaye ni makofi mawili, na upo mbuni, mti wa kahawa, ambao ni makofi matatu. Herufi ni zilezile, mizani si ileile. Mtoto aliyeligombania jambo hilo kwa viganja vyake hahitaji kukaririshwa maana ya silabi. Wala hatalisahau, kwa sababu halikuandikwa daftarini tu, limeandikwa sikioni.

Sasa nieleze kilichotokea mwaka mmoja nilipolipeleka jambo hili mbele zaidi. Nilikuwa na wanafunzi 74, watatu au wanne kwa kila dawati. Shuleni kwetu watoto hunywa uji saa nne, na wiki zile uji ulikuwa ukichelewa kwa kukosekana kuni. Sikuwapa mada, mada ilikuwa inanguruma matumboni mwao. Nikawaambia tu kwamba tutatunga ubeti mmoja wa tarbia, mizani minane kwa minane, kila mshororo ujadiliwe na darasa zima na upigiwe makofi kabla haujaandikwa ubaoni.

Mshororo wa tatu ndio uliotutoa jasho. Mvulana mmoja alileta kipande hiki: "Mpishi ametuambia." Darasa likapiga, likapata makofi tisa. Wakajaribu kumwondoa mpishi, maana ikapotea. Wakajaribu "katuambia", yakapatikana manane, lakini wenzao wakasema halikai vizuri kinywani. Ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hakuwa na sifa ya kunyanyua mkono, akasema: "Mwalimu, si tuseme 'ametwambia'?" Wakapiga. Manane. Wataalamu huiita hiyo inkisari. Watoto wale waliivumbua wakiwa na njaa, kabla ya kulisikia jina lake. Ubeti wao ulikamilika hivi:

Kengele imeshalia, tumbo nalo languruma,
Uji twausubiria, jikoni moto wazima,
Mpishi ametwambia, kuni zote zimekoma,
Hesabu zitatulia, tukishiba tutasoma.

Sidai kwamba ubeti huu utashindana na kazi za malenga. Nadai kwamba una vina, una mizani, una urari, na zaidi ya hayo una jambo. Waliughani katika mkutano wa wazazi. Wazazi walicheka kwenye mshororo wa kwanza, na kufikia kituo walikuwa kimya. Wiki iliyofuata kuni zilianza kuja, mzigo baada ya mzigo, vichwani mwa watoto walewale. Barua ya shule kuhusu kuni ilikuwa imetumwa kabla ya hapo, na haikuleta hata kijiti.

Na shukrani niliyopata? Mmoja wa wakubwa wangu wa kazi aliniita akaniambia kwamba nimepoteza vipindi vinne, na kwamba swali la kutunga halitoki katika mtihani. Kwa hesabu za mtihani, alikuwa na haki. Katika mtihani wa majaribio wa mwaka uleule, chini ya shairi watoto waliulizwa beti ni ngapi, vina vya mwisho ni vipi, kichwa kipi kinafaa na neno fulani lina maana gani, kisha wachague herufi moja. Maswali yale yanaweza kujibiwa na mtu aliyeziba masikio. Vina hutafutwa kwa jicho, kama mtu atafutaye bei kwenye risiti. Huo ndio ushairi tunaowarithisha watoto: sanaa ya sauti inayofanyiwa mtihani kwa ukimya.

Hapa sina budi kumtaja Sheikh Kaluta Amri Abedi, kwa sababu jina lake ndilo hutumiwa kama fimbo ya kuwachapia watoto kanuni. Katika kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka mwaka 1954, alizipanga kanuni za mizani na vina. Lakini wanaozinukuu kanuni zake huruka msingi aliozijengea: kwake yeye shairi ni wimbo, na lisiloimbika halina maana. Mizani ipo ili pumzi iwe na mahali pa kutua. Vina vipo ili sikio lijue limefika. Kumpa mtoto kanuni bila wimbo ni kumsaliti Amri Abedi kwa kitabu chake mwenyewe.

Wako watakaonijibu kwamba watoto wanaghani, maana wana ngonjera. Naam, wana ngonjera, na hizo ndizo zinazoniuma zaidi. Mathias Mnyampala alipoikuza ngonjera, na ilipoenezwa kwa jina la UKUTA mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa ni mabishano: huyu hajui, yule anamwelimisha, wanavutana kwa beti hadi mmoja akubali. Ilikuwa na ajenda ya siasa, hilo halifichiki, lakini ndani yake mlikuwa na pande mbili. Ngonjera ya leo ya mahafali ya Darasa la Saba ina upande mmoja, nao ni mgeni rasmi. Mwalimu huiandika usiku, watoto hukaririshwa wiki nzima, hupangwa mstari kwa urefu wao, kisha humsifu mtu wasiyemjua kwa maneno wasiyoyaelewa, huku wakinyosha mikono yote kwa pamoja. Mtoto hutoka pale akiwa amejifunza kwamba ushairi ni namna ya kuomba madawati kwa adabu. Linganisha na kuni zetu: watoto walitaja njaa yao, kwa maneno yao, na hawakumsifu mtu.

Zipo hoja tatu ambazo hukutana nazo kila ninapolisema jambo hili katika chumba cha walimu, nami nizijibu.

Ya kwanza ni kwamba madarasa yamejaa mno. Kweli yamejaa, na msongamano huo ni dhuluma inayostahili makala yake. Ila katika masomo yote, ushairi ndio usioogopa wingi. Huwezi kusahihisha insha 74 kwa siku moja, lakini watoto 74 wanaweza kuitikia kibwagizo kwa mpigo mmoja, na anayekosea hupigwa kumbo na mpigo wenyewe.

Ya pili ni kwamba muda hautoshi. Kipindi kina dakika 40. Natumia dakika kumi za mwanzo kwa makofi na kughani, nazo dakika 30 zinazobaki huwa na tija kuliko zile 40 za kunakili, kwa kuwa darasa limeamka.

Ya tatu ndiyo nzito: mtihani ndio unaomvusha mtoto kwenda kidato cha kwanza, na mzazi hatakula makofi. Naiheshimu hoja hii. Lakini nani kasema mtoto aliyefundishwa kwa sikio hufeli swali la mizani? Aliyeibishania "mbu" na "mbuni" hahesabu kwa kubahatisha. Anayefeli ni yule aliyekariri kwamba silabi ni konsonanti na irabu, kisha akakutana na "nchi" akapiga kofi moja.

Nimewasema walimu wenzangu. Sasa niwageukie malenga, maana wengi wenu ndio msomao hapa. Kila mwezi nasoma maombolezo yenu kwamba vijana hawajui arudhi, kwamba mashairi yao hayana urari, kwamba bahari zimekauka. Nasoma pia vita vyenu vya tangu miaka ya 1970, vya wanamapokeo na wanamabadiliko, vya nani alikiuka na nani alilinda. Vita hivyo vina heshima yake. Lakini mnapigania ukuta wa juu wa nyumba ambayo msingi wake haujachimbwa. Mtoto asiyewahi kusikia mizani haichagui mizani wala haikatai. Huru lake si uhuru, ni upweke. Na kama kweli mnaipenda arudhi, mahali pake pa kuokolewa si kwenye kongamano la chuo kikuu bali Darasa la Tatu, Jumanne asubuhi, katikati ya vumbi la chaki.

Nyinyi mna kitu ambacho mimi mwalimu sina kwa wingi: mna mahadhi. Najua mbili tatu za kughania. Wengine kati yenu mnajua ishirini. Shule ya msingi iliyo karibu na nyumba yako ina mwalimu wa Kiswahili anayetamani kupumzisha koo. Mwendee. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, kama ada ilivyo. Usiende na kitabu chako cha kuuza, usiende na hotuba ya umuhimu wa lugha. Ghani beti tatu, uwaache watoto waitikie, kisha uwaulize wao wana jambo gani la kusema. Kipindi kimoja kwa mwezi. Hakuna bajeti inayohitajika, wala kamati.

Kwa wale watungao mitihani, ombi langu ni dogo. Wekeni hata swali moja linalomtaka mtoto akamilishe mshororo, aone cha kutia mahali penye pengo ili mizani itimie na maana isipotee. Swali hilo laweza kuwa la kuchagua herufi kama mengine mengi, wala halitaongeza gharama ya kusahihisha. Lakini siku litakapotoka, mwalimu yule mwenye mwandiko mzuri atalazimika kufungua kinywa.

Atakayenipinga na anipinge, uwanja uko wazi. Ningependa tu kabla ya kuniandikia, achukue neno "mbuni", alipige makofi mbele ya mtoto wa miaka tisa, na asikilize atakachoambiwa.