Kuhani Aliyepita Kando

Jumapili iliyopita nilichelewa kutoka Bariadi mjini kwenda kigangoni kuadhimisha Misa. Kwenye barabara ya Lamadi, lori na bajaji mbili vilikuwa vimeegeshwa pembeni, vimeziba sehemu wanayopita watu wa baiskeli. Mzee mmoja akalazimika kuingia barabarani. Nilimpigia honi kwa nguvu. Akatumbukia majanini na baiskeli yake. Sikusimama. Nilifika kwa wakati, nikahubiri juu ya upendo.

Wakati wa matoleo mzee yule aliingia, magoti yamejaa vumbi. Baada ya Misa akanisalimu: “Tumsifu Yesu Kristo, Padre.” Nilikosa pa kuficha uso.

Mwinjili Luka, sura ya 10, anasimulia kwamba wa kwanza kumpita majeruhi katika njia ya Yeriko alikuwa kuhani. Labda naye alikuwa anawahi ibada.

Huku Usukumani baiskeli hubeba pamba, maji, mtoto wa shule na mgonjwa anayepelekwa zahanati. Ukiegesha pembeni “dakika moja tu”, umemsukuma mtu huyo mbele ya malori. Mwaka 2007 Vatikani ilitoa Amri Kumi za madereva: ya kwanza inakataza kuua, na nyingine inaonya gari lisiwe chombo cha ubabe na nafasi ya dhambi.

Nilimwomba mzee radhi. Leo tukitoka kanisani, ndugu zangu, tutazame tulipoegesha magari. Pengine tumeziba njia ya jirani tuliyetoka kumwombea.