Nani Msimulizi wa Talaka Katika Fasihi Yetu?

Miongoni mwa maelfu ya watu wavukao kwa feri ya Likoni kila asubuhi kuelekea kisiwani Mombasa, hukosi mwanamke ambaye safari yake haihusiani na soko wala kibarua. Mkobani ametia cheti chake cha ndoa na risiti za karo ya watoto. Anakwenda mahakama ya kadhi. Huenda ameachwa na hakupewa masurufu ya eda. Huenda hajaachwa ila mume ametoweka. Huenda yeye mwenyewe amechoka na anataka kujivua. Jina lake litakapoitwa, atasimama mbele ya kadhi aeleze mambo ambayo tangu uanawari wake alifunzwa kwamba hayavuki kizingiti cha nyumba.

Mwanamke huyu tunamjua sote tuishio Likoni, Kisauni na Changamwe. Ni jirani yetu au dada yetu, na pengine ni mama wa mwanafunzi aketiye dawati la mbele darasani. Ajabu ni kwamba mwanamke huyu ni adimu mno katika riwaya na tamthilia tunazozisomesha. Talaka tunazo tele vitabuni. Tusichokuwa nacho ni mtalaka asimamaye na kusema.

Si kwamba fasihi ya Kiswahili imeinyamazia ndoa, la hasha. Tangu Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utenzi wa mawaidha mnamo mwaka 1858, suala la mke na mume limekuwa nguzo mojawapo ya maandishi yetu. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya Wakati Ukuta, alituonyesha Tatu na Swai wakioana bila radhi za wazazi, na ndoa yao ikavunjika kabla haijakomaa. Said Ahmed Mohamed akatupa Utengano mwaka 1980. Shafi Adam Shafi akafuata na Vuta N'kuvute mwaka 1999. Katika miaka ya hivi karibuni wanafunzi wetu wa sekondari wametahiniwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Katika vitabu vyote hivi, nyumba hujengwa, hutikisika na wakati mwingine kubomoka.

Hebu basi tutazame jinsi inavyobomoka. Katika Utengano, Maksuudi ni mtu mkubwa, mwenye mali na siasa. Mkewe Tamima humweka tawani pamoja na binti yao Maimuna, kisha Tamima hupigwa na kutalikiwa. Kabla yake alikuwako Mwanasururu, ambaye Maksuudi alimwoa, akamla mali yake na kumtupa. Maimuna naye hutoroka kwa baba akaishia katika danguro la Mama Jeni. Hapana shaka kwamba mwandishi yu upande wa wanawake hawa. Riwaya nzima ni shutuma dhidi ya Maksuudi na wenziwe. Hata hivyo, msomaji akikifunga kitabu, linalomkaa kichwani ni kwamba talaka ni rungu lililo mkononi mwa mume, na kwamba mbele ya mwanamke aliyetoka nyumbani kuna shimo. Ni kweli kwamba Maimuna hatimaye hupata ndoa nyingine kwa Kabi, lakini wanafunzi wangapi hulikumbuka hilo wanapoandika insha zao? Wao hukumbuka danguro.

Katika Vuta N'kuvute mambo yamegeuka kidogo. Yasmin, msichana mdogo, huozwa Bwana Raza, mtu wa umri wa baba yake, na wakahamia hapa Mombasa. Yasmin hakungoja kuachwa. Alitoka kwa miguu yake, akarudi Unguja. Huko jamaa zake wakamfungia mlango, akapokewa na Mwajuma, rafiki maskini wa mtaani. Hii ni hatua kubwa. Lakini hapa pia linalosimuliwa ni kutoroka. Fasihi yetu inamjua vyema mwanamke akimbiaye usiku. Yule aendaye mchana kudai haki yake haijamzoea.

Chozi la Heri nayo hutuonyesha Naomi akimwacha Lunga na watoto baada ya Lunga kupoteza kazi na maisha kuwa magumu. Hapo mwenye kuondoka ni mke, na mara moja darasa zima humhukumu kuwa hana utu. Sara wa Bembea ya Maisha yu kinyume chake: hupigwa na Yona, husimangwa na jamii kwa kuchelewa kuzaa na kisha kwa kuzaa mabinti watupu, naye hukaa. Mwishowe Yona hujirudi, akamuuguza mkewe na kumpikia. Darasa humsifu Sara kwa uvumilivu. Kwa hivyo, bila ya mtu yeyote kukusudia, kijana wetu hutoka shuleni na mizani hii: mke mwema ni akaaye, mke mbaya ni aondokaye, na mume ndiye mwenye neno la mwisho.

Je, mizani hii ndiyo iliyopo pwani yetu? Mwaka 1998 Susan Hirsch, mwanaanthropolojia wa Marekani, alichapisha kitabu juu ya mahakama za kadhi za pwani ya Kenya, baada ya kuketi na kusikiliza kesi huko Malindi na Mombasa. Alianza na picha ile ile tuijuayo: mume hutamka, mke huvumilia. Aliyoyakuta mahakamani ni mengine. Wengi wa waliofungua mashtaka walikuwa wanawake, na mara nyingi walishinda. Aidha alitambua jambo ambalo sisi walimu wa fasihi tungepaswa kulitambua kabla yake: kwamba mahakamani mwanamke anashtaki na wakati huo huo anasimulia. Anapanga matukio, anachagua lipi litangulie na lipi lifuate, na kwa kufanya hivyo anavunja mwiko wa kutotoa siri za nyumba. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapo kata ndiyo inayosema.

Tusidhani kwamba ni mgeni pekee aliyeliona jambo hili. Sarah Mirza na Margaret Strobel walikusanya masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa: Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili chenyewe mwaka 1991 kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Humo ndoa na kuachana ni sehemu ya maisha, pamoja na ngoma, unyago, kazi na ujirani. Ndoa ikivunjika, maisha ya mwenyewe yanaendelea, na aelezaye yaliyotokea ni yeye mwenyewe, kwa lafudhi yake. Ni vitabu vingapi vya namna hii vilivyomo katika maktaba za shule zetu za bara ya Mombasa?

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Asimuliaye talaka huivutia kwake pia. Ikisimuliwa na mume, huwa ni adhabu aliyoitoa kwa haki. Ikisimuliwa na jirani, huwa ni kioja cha barazani. Akiisimulia mwanamke, tunasikia mambo ambayo wale wawili hawakuyaona: kodi iliyodaiwa miezi mitano, mtoto aliyelala bila chakula, usiku wa kungoja mlango ubishwe. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aligusa donda mojawapo la aina hii katika riwaya yake ya Kiingereza iitwayo Desertion. Rehana, mwanamke wa mji mdogo wa pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19, aliachwa na mumewe Azad aliyesafiri kwa ahadi ya kurudi asirudi. Hakuwa mke na hakuwa mtalaka. Wanawake wa hali hiyo tunao hata leo. Sheria ya Kiislamu imewawekea mlango, nao ni faskhi, yaani ndoa kufutwa na kadhi. Riwaya ya Kiswahili itakayomfuata mwanamke kupita mlango huo, kutoka siku ya shauri hadi siku ya hukumu, bado tunaingoja.

Wako watakaosema kwamba tukizidi kuzungumza talaka darasani tutawafunza watoto kuvunja nyumba. Hofu hii tunaielewa, maana hakuna mzazi amtakiaye mwanawe ndoa ya kuvunjika, na wanazuoni wetu wametukumbusha daima kwamba talaka, ingawa ni halali, haipendezi. Lakini dini hiyo hiyo haikuificha. Qurani ina sura nzima, ya 65, iitwayo At-Talaq, nayo imeweka hesabu ya eda, makao ya mke na matumizi yake. Kilichopangwa kwa utaratibu namna hiyo hakikukusudiwa kuwa neno la hasira la usiku mmoja. Mvulana ambaye hajui talaka ila ile ya Maksuudi ndiye atakayeifanya silaha. Yule aliyefunzwa kwamba talaka ina masharti na madeni atafikiri mara mbili.

Wengine watasema kwamba riwaya si jalada la mahakama, na mwandishi hana wajibu wa kutupa takwimu za kadhi. Ni kweli. Hatumdai Said Ahmed Mohamed wala Timothy Arege kitabu ambacho hakukikusudia. Tunachosema ni kwamba orodha ya vitabu vya kutahiniwa, ikitazamwa kwa ujumla na kwa miaka mingi, huwa ni picha moja kubwa, na katika picha hiyo kuna pengo.

Pengo hili huonekana zaidi hapa kwetu kwa sababu ya mchanganyiko wa watu. Chukua darasa moja la Changamwe, mtaa uliokua kwa wafanyakazi wa bandari, reli na kiwanda cha kusafisha mafuta, waliotoka kila pembe ya nchi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, na kwa zote imekataza kuoa au kuolewa kabla ya miaka 18. Katika darasa hilo huenda aina nne kati ya hizo zina watoto wake. Mwalimu akitamka neno talaka, mmoja humfikiria kadhi, mwingine hufikiria hakimu, na mwingine hufikiria wazee wakihesabu mbuzi wa kurudishwa. Katiba ya 2010 imetamka katika kifungu cha 45 kwamba wanandoa wana haki sawa wanapooana, wakati wa ndoa na inapovunjika. Na katika kifungu cha 170 ikaziachia mahakama za kadhi mashauri ya ndoa, talaka na urithi ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa nazo. Mwanafunzi asipoelezwa haya, humsoma Tamima kana kwamba hakuna mahali popote ambapo angeweza kwenda.

Kwa hivyo twapendekeza kwa walimu maswali matatu, ambayo hayahitaji kitabu kipya wala fedha. Kwanza, kila ndoa inapovunjika hadithini, ni nani anayetusimulia, na nani hakupewa nafasi ya kusema? Pili, baada ya talaka kutamkwa, mwandishi alimfuata mwanamke hadi wapi: hadi mlangoni, hadi kwa wazazi wake, au hadi siku alipoanza upya? Tatu, uvumilivu unaosifiwa ulimfaa nani, na ulilipwa na nani? Mwanafunzi atakayejibu maswali haya kuhusu Sara na Naomi ataandika insha bora kuliko yule aliyekariri orodha ya sifa za wahusika. Atagundua, mathalan, kwamba ukaaji wa Sara ulizaa matunda kwa sababu Yona alijirudi, na kwamba kama asingejirudi tamthilia ingekuwa na mwisho mwingine kabisa.

Kwa waandishi chipukizi wa pwani, nao wamo katika madarasa hayo hayo, tuna ombi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na nyinyi mmelelewa katika nyumba hizi. Mmewasikia mama zenu na shangazi zenu wakizungumza jikoni walipodhani mmelala. Mnajua kwamba mtalaka wa Kisauni hakuishia danguroni: anauza viazi karai na mahamri alfajiri, analea, anaposwa tena, anakubali au anakataa. Andikeni hayo. Msiogope kwamba ni mambo madogo.

Darasani Likoni kuna binti ambaye mama yake alivuka feri wiki iliyopita na cheti mkobani. Leo anasoma riwaya, anatafuta humo mtu anayefanana na mama yake. Asipompata, ataamini mojawapo ya mambo mawili: ama mama yake amefanya jambo la aibu lisilofaa kuandikwa, ama vitabu havihusiani na maisha. Sisi tulio na jukumu la kumfundisha hatuna budi kumwonyesha kwamba yote mawili si kweli.