Wimbo wa Shimoni Si Shimoni Nzima

Ukimtaja Roger Whittaker, wengi watakumbuka "The Last Farewell", wimbo uliompa sifa kubwa duniani mwaka 1975. Mwimbaji huyo alizaliwa Nairobi mwaka 1936, akafariki mwaka 2023. Katika miaka ya 1980, sifa hizo akiwa amekwisha kuzipata, aliiimbia nchi aliyozaliwa, na miongoni mwa nyimbo hizo imo moja isiyovuma sana: "Shimoni". Humo anawakumbuka watumwa waliofungiwa katika mapango ya huku kwetu Kwale.

Mimi naupenda wimbo huo. Una huzuni ya haki, tena umelifikisha mbali jina la kijiji cha wavuvi.

Walakini nina neno. Mgeni huingia pangoni na wimbo huo kichwani, akatoka akidhani ameijua Shimoni. Masimulizi ya wenyeji yana mengi zaidi: kwamba mapango yalikuwa maficho wakati wa mashambulio ya Wamaasai, na kwamba ni mahali pa mizimu, pa kuombea. Mwaka 2010 watafiti Stephanie Wynne-Jones na Martin Walsh waliandika jinsi kisa cha watumwa kilivyopata nguvu pamoja na utalii.

Sisemi kwamba utumwa haukuwako. Sultani Barghash alipiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukakomeshwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Wajukuu wa waliotumikishwa tunaishi nao. Ndiyo maana kisa hicho kisitiwe chumvi wala kisipunjwe. Tukikizidisha leo, kesho mkanushaji atapata pa kushikia.

Mwimbaji simlaumu. Wimbo ni wa dakika chache, na mtunzi hana budi kuchagua. Lawama ni yetu sisi, tuliomwachia mtu mmoja kazi ya kijiji kizima. Naomba vijana wa Shimoni, Wasini na Vanga wakae na wazee wao wangali hai, wayanase maneno yao kwa Kivumba, Kichifundi na Kidigo, kisha watunge nyimbo zao wenyewe.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wimbo umekwisha kutuletea wageni. Sasa na wenyeji waseme.