Visu vya kukunja vitunzwe mlangoni



Mwezi uliopita, kwenye ukaguzi wa uwanja mmoja wa ndege, begi langu lilirudishwa kwenye mashine. Mfuko wa pembeni ulikuwa na kisu cha kukunja cha marehemu baba, mpini wake wa mfupa umelika pale kidole gumba kinapokaa. Mimi ni fundi umeme, kisu hicho ndicho ninachomenyea nyaya kila siku. “Pole mzee,” askari aliniambia kwa upole, akakitumbukiza kwenye ndoo yenye mikasi na viberiti.

Sipingi ukaguzi. Tangu Septemba 11, 2001 dunia nzima inajua sababu, na tangu shambulio la jengo la maduka la Westgate mwaka 2013 sisi wa Nairobi tunapekuliwa hata tukienda kununua mkate. Kanuni za Ulaya zinaruhusu ndani ya ndege makali yasiyozidi sentimita 6. Hapa sidai hilo.

Ninachoomba ni utaratibu wa kutunza. Msikitini tunaacha viatu mlangoni na tunavikuta. Kwa nini viwanja vya mpira, mahakama na vituo vya treni visiwe na kabati, bahasha na kipande cha namba, hata kwa ada ndogo? Na wauza tiketi wamkumbushe abiria mapema: kisu kiende kwenye sanduku la kupakiwa chini, kimekunjwa na kufungwa kitambaa. Mimi sasa hukagua mifuko yangu yote usiku wa kuamkia safari.

Cha baba nilikirudia siku ya tatu. Ndoo ilikuwa tupu.

Fundi umeme,
Nairobi