Kipima Upepo Nacho Kina Lugha Yake

Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Merigi, ndugu yangu alinijia na ombi ambalo shahada yangu ya uzamifu haikunitayarishia: nimchagulie mtambo wa kuchunga upepo wa matairi ya trela, kwani lori lake hukokota chai hadi Mombasa.

Haja ya mtambo huo ni ya kweli. Tairi la mbele likipungukiwa na upepo, usukani humwarifu dereva. La trela halimwarifu mtu. Hujikunja, hupata moto, kisha hupasuka. Na pale matairi yafungwapo mawili mawili, lililo zima hubeba mzigo wa lililolegea na kulificha. Haishangazi kwamba Umoja wa Ulaya ulishurutisha matrela mapya mazito yawe na mitambo hiyo kuanzia Julai 2024.

Nilimshauri atafute ambao mawimbi yake yanafika hadi tairi la mwisho, unaopima joto pamoja na upepo, na unaomruhusu kuweka kiwango cha onyo mwenyewe. Tairi lililojazwa Kericho, takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, litaonyesha upungufu wa paundi tatu hivi Mombasa, joto likiwa lile lile, kwa kuwa hewa ya pwani ni nzito zaidi.

Ndipo nilipomwonyesha dereva wake ile alama ya onyo: umbo la kiatu cha farasi lenye alama ya hisi ndani. Alidhani ni sufuria inayochemka. Akasema angesimama aongeze maji kwenye rejeta!

Sisi wanaisimu hufundisha kwamba ishara haina maana mpaka wanaoitumia wakubaliane. Maelezo ya mtambo ule yalikuwa kwa Kiingereza na Kichina. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mbona kisifike kwenye dashibodi?

Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi kazi ya kutafsiri maelezo ya mitambo kama huu. Itawafaa kuliko insha nyingi tuwaandikishazo. Nami niliandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, dereva akaubandika mbele yake. Mstari wa kwanza wasema: kila alfajiri, kabla ya safari, pima kwa geji na mkono wako.